Mwanao Akiomba Kufungua Mlango wa Intaneti

Mwezi wa Januari una upweke wake huku kwetu. Desemba nzima mlima unajaa watu. Mabasi yanashusha ndugu kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, magari yanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Mwika, na kila kihamba kinatoa moshi jikoni tangu alfajiri. Ikifika wiki ya pili ya Januari wote wamekwisha kuondoka. Mtori unapikwa tena katika sufuria ndogo, na watoto waliozoea kulala wanne kitanda kimoja wanajikuta peke yao.

Nyumbani kwetu hapa Moshi mjini tunaye kijana wa kidato cha pili. Desemba ya mwaka juzi yeye na binamu zake wanne walishinda kwa bibi yao huko Mwika wakicheza mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Kama hujauona, ni mchezo wa kujenga. Mtoto anachimba udongo, anakata miti, anapanga matofali moja moja, mpaka anapata nyumba, shamba, hata mji mzima. Wale watoto walijenga kihamba cha bibi. Walijenga nyumba ya bati yenye kibaraza, zizi la ng'ombe, kaburi la babu na msalaba wake, mfongo unaoleta maji kutoka juu, na migomba waliyoibuni kwa majani ya miti mingine kwa kuwa mchezo wenyewe hauna migomba. Fundi wao mkuu alikuwa binti wa shangazi yao, mwenye miaka 11, na tunalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani mambo haya ni ya wavulana tu. Bibi aliitwa aje atazame. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hawakuweka kuku.

Wakaweka kuku. Kisha Januari ikafika.

Kihamba hicho kilikuwa kimehifadhiwa katika kompyuta yetu, ambayo kijana aliipandisha Mwika kwa ajili ya likizo. Wakiwa kwa bibi, watoto wote walijiunga na ruta moja, na kuingia katika mchezo wa mwenzao kulikuwa rahisi kama kupita sebuleni. Sasa wawili wako Dar es Salaam, binti yuko Mwanza, na wa nne amerudi Ujerumani alikozaliwa. Jioni moja kijana akatujia jikoni akasema, "Mama, naomba ruhusa nifungue poti kwenye ruta, ili wenzangu waingie kwa bibi."

Je, mama mwenzetu, wewe ungejibu nini? Wengi tuna majibu mawili tayari. La kwanza ni "Hapana, nenda kasome." La pili ni "Msubiri baba yako." Sisi tulitoa la tatu, ambalo tulidhani ni la busara kuliko yote. Tuliita fundi.

Fundi alikuwa kijana mpole wa mtaani, akatutoza shilingi 20,000. Alihangaika kwa nusu saa bila mafanikio, kisha akabonyeza kitu fulani, na ghafla watoto wa Dar es Salaam wakaingia wakishangilia. Tulimkaribisha chai. Hatukumwuliza alichobonyeza, kwa kuwa hatukujua kwamba ni jambo la kuuliza.

Siku ya tisa tuliwasha kompyuta tukakuta faili zote zimebadilika majina na hazifunguki. Palikuwa na barua ya Kiingereza ikidai malipo ya bitikoini ili zifunguliwe. Katika kompyuta ile ndimo tulimotunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa: hisa za akina mama 27, mikopo yao, marejesho yao, mfuko wa jamii, na orodha ya mgao uliobakiza wiki tano tu. Hatukuwa na nakala mahali pengine popote.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kumgombeza mtoto. Tulimwambia maneno mengi ambayo hatutayarudia hapa. Yeye alisimama akitazama sakafu, akasema mara moja tu kwamba hakugusa kitu, na sisi hatukumsadiki.

Jumamosi ile ilitubidi kusimama mbele ya kikundi na kueleza. Wapo waliotuonea huruma, na yupo mmoja aliyenyamaza kwa namna iliyouma kuliko matusi. Kilichotuokoa ni vile vitabu vidogo ambavyo kila mwanachama hukaa na chake. Kwa Jumamosi tatu tulikaa na vitabu 27 na kikokotoo, tukiandika upya kila kitu kwa mkono katika daftari. Mikopo miwili ilibaki na ubishi, na tofauti yake, shilingi 85,000, tuliilipa sisi. Wale waliodai bitikoini hatukuwapa kitu.

Binti wa dada yetu, anayefanya kazi za mitandao huko Arusha, ndiye aliyekuja akaifungua ile ruta na kututazamisha. Hakutumia maneno magumu, na maelezo yake tunayaleta hapa kama alivyoyatoa, kwa maana yanaeleweka hata na sisi tuliosoma zamani.

Alituuliza, "Mama mdogo, mlipokuwa watoto huko mlimani barua zenu zilifikaje?" Zilikuja kwa sanduku la posta la usharika au la shule. Familia mia zilitumia S.L.P. moja, na mwalimu ndiye aliyezigawa kwa kusoma jina. Basi, ruta ndiyo mwalimu huyo. Nyumba nzima ina anwani moja tu mbele ya dunia. Ndani ya nyumba kila simu, televisheni na kompyuta hupewa namba yake ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Simu yako ikiomba ukurasa, ruta huandika pembeni kwamba aliyeomba ni fulani. Jibu likirudi, humkabidhi aliyeomba. Lakini barua ikija kutoka nje bila mtu wa ndani kuiomba, ruta haijui ni ya nani, nayo huiacha nje.

Utaratibu huu ulielezwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wataalamu walipoona kwamba anwani zitakwisha. Anwani za mtindo ule wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na leo watu duniani ni zaidi ya bilioni 8, tena wengine wana vifaa vitatu vitatu. Haukubuniwa kuwa mlinzi, lakini nyumbani hutusaidia kama mlinzi, kwa sababu mgeni asiyealikwa hana njia ya kuingia.

Sasa mtoto anapotaka wenzake waingie katika mchezo ulio ndani ya kompyuta yake, wao ndio wanaoleta barua isiyoombwa. Kwa hiyo ni lazima ruta iachiwe agizo la kudumu. Kila barua ina namba ya mlango, ambao mafundi huuita poti, na milango hiyo hufika 65,535. Minecraft ya kompyuta hutumia mlango 25565. Agizo linasema: barua yenye namba 25565 mpelekee kijana, nyingine zote ziache nje. Kufungua poti hakuna maana zaidi ya hiyo. Ni mstari mmoja.

Na fundi wetu alifanya nini? Aliposhindwa kuandika mstari huo, aliagiza kwamba barua yoyote, yenye namba yoyote, ipelekwe kwenye kompyuta yetu. Alivunja ukingo wote wa mfongo ili amwagilie mgomba mmoja. Kompyuta yetu ilikuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi, ule wa kuiendesha ukiwa mbali, na neno lake la siri lilikuwa jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Ziko programu zinazozunguka dunia mchana na usiku zikigonga kila anwani na kujaribu maneno ya siri. Hazikutafuta Moshi wala hazikujua kikundi chetu. Ziligonga, zikafunguliwa.

Usiku huo tulimwita kijana tukamwomba msamaha mbele ya binamu yake mkubwa. Alisema, "Sawa, Mama." Ilichukua muda kabla hajaanza tena kutuomba kitu chochote kinachohusu kompyuta.

Hebu sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana tumepata barua kadhaa za kina mama wanaoulizwa swali lile lile na watoto wao.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, chunguza kama unayo anwani yako mwenyewe. Wengi wetu hapa tunatumia ruta za laini ya simu. Kampuni za simu, kwa uhaba ule ule wa anwani, huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Yaani juu ya mwalimu wako yuko mwalimu mkuu, na ufunguo wa sanduku anao yeye. Utaandika agizo lako vizuri katika ruta yako na hakuna kitakachoingia, kwa maana barua inaishia kule juu. Namna ya kujua ni hii: fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje, kisha tafuta katika intaneti tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwenye ruta ikianza na 10, au ikianza na 100 inayofuatwa na namba kati ya 64 na 127, basi unashiriki sanduku na wengine. Fungu hilo la 100 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Fundi akikuambia ataweza hivyo hivyo, okoa pesa yako. Unaweza kuiomba kampuni yako anwani ya peke yako, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au kuhamia faiba kama imefika mtaani kwenu, lakini hata hapo uliza kwanza kabla ya kutia sahihi.

Wako wanaokwepa kikwazo hiki kwa kutumia VPN. Yafaa ujue kwamba mnamo Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya mwisho wa mwezi ule. Usiruhusu kitu cha namna hiyo kiwekwe katika kompyuta ya nyumbani bila kujua kipo na kinafanya nini.

Ukiwa na anwani yako, kazi yenyewe haizidi nusu saa. Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa kuandika namba, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, mahali unapoandika majina ya tovuti. Namba hiyo pamoja na neno la siri huwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Neno hilo la siri libadilishe hapo hapo kabla ya jambo lingine lolote, uliandike katika daftari la nyumbani, si ukutani.

Kisha iambie ruta iipe kompyuta ya mchezo namba ile ile ya ndani siku zote. Watu wengi huiruka hatua hii. Umeme ukikatika na kurudi, ruta hugawa namba upya, na agizo lako linaweza kuanza kuipelekea televisheni barua za mchezo. Baada ya hapo tafuta sehemu iliyoandikwa Port Forwarding au Virtual Server. Andika namba ya mlango, 25565, aina yake TCP, na namba ya ndani ya kompyuta ile. Watoto wakicheza toleo la simu, mlango wake ni 19132 na aina yake ni UDP. Windows nayo itauliza kama programu ya mchezo iruhusiwe kupokea wageni. Iruhusu hiyo peke yake. Usiguse sehemu iitwayo DMZ. Hiyo ndiyo iliyotuponza.

Iko sehemu nyingine iitwayo UPnP, ambayo katika ruta nyingi huwa imewashwa tangu dukani. Hii huviruhusu vifaa vyenyewe kuiomba ruta ifungue milango bila mtu kuulizwa. Sisi tumeizima. Ni afadhali mtoto aje aombe.

Huenda unasema moyoni kwamba huu ni mchezo wa watoto na tunatia chumvi. Hata sisi tungesema hivyo. Lakini mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu iitwayo Mirai. Ilizunguka ikigonga ruta na kamera za majumbani na kujaribu maneno ya siri kama sitini yale yanayowekwa kiwandani, na watu wengi hawakuwa wameyabadilisha. Vifaa vilivyotekwa viliamrishwa kwa pamoja kuangusha mitandao ya wengine, na sehemu kubwa ya ugomvi ule ilitokana na biashara ya seva za Minecraft hii hii. Walipoiachia programu hiyo hadharani, Oktoba mwaka ule ule ilitumiwa katika shambulio lililoangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Vijana wale walikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Kisha Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro ambayo kwayo mtu aliweza kuandika mstari mmoja tu katika maongezi ya mchezo na kuiteka kompyuta inayouendesha. Ilisahihishwa upesi kwa toleo jipya, lakini aliyebaki na toleo la zamani alibaki na tundu. Kwa hiyo mtoto anayeendesha mchezo kwa ajili ya wenzake amejitwalia kazi ya kuweka matoleo mapya, kama vile mwenye ng'ombe alivyojitwalia kazi ya kukata majani. Mwulize mara kwa mara ameweka toleo gani.

Nyumbani kwetu tulinunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya mchezo peke yake, na hesabu za kikundi hazikanyagi humo. Nakala ya hesabu hukaa katika flashi mbili, moja kwetu na moja kwa katibu. Mchezo una orodha ya walioalikwa, na majina yaliyomo ni matano. Rafiki wa shule akitaka kuingia, mama yake hutupigia kwanza. Kijana alinuna kidogo kwa hilo, lakini ndani ya mchezo watu huandikiana na kuzungumza, na hatuwezi kukaribisha sebuleni mtu ambaye hatujui ni mtoto au ni mzee wa miaka hamsini. Anwani ya nyumba haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mlango hufunguliwa Jumamosi saa kumi jioni, nao hufungwa saa moja na nusu. Yule wa Ujerumani yuko nyuma yetu kwa saa moja au mbili kufuatana na majira, kwa hiyo kwake ni mchana na mama yake yuko macho. Kufunga ni kuondoa alama moja tu katika ule ukurasa wa ruta, na kazi hiyo tunaifanya sisi. Mwanzoni tulihitaji kuelekezwa kila mara. Sasa hata nenosiri tumelikariri.

Kwa ambaye hili lote ni zito, kampuni yenye mchezo ule hukodisha mahali pa kuchezea kwa malipo ya kila mwezi, na hapo hakuna mlango wowote wa nyumbani unaofunguliwa. Kwa wengi wetu wenye ruta za simu, hiyo ndiyo njia nyepesi. Sisi tulipiga hesabu tukaona kwa familia nne zikichangia si pesa nyingi, ila kijana alitaka kukiendesha mwenyewe, na baada ya yale tuliyomtendea tuliona anastahili kuaminiwa.

Kihamba chenyewe kilipotea pamoja na faili nyingine. Wiki mbili baadaye binti wa Mwanza akakumbuka kwamba alikuwa ameweka nakala katika flashi yake siku moja baada ya Krismasi. Ilikuwa imekamilika, nyumba, zizi, kaburi na mfongo, isipokuwa ilikuwa ya siku moja kabla bibi hajaitwa kutazama. Jumamosi ya kwanza walipoingia wote watano tulimpigia bibi simu ya picha, na kijana akaielekeza simu kwenye kioo cha kompyuta. Bibi alitafuta miwani, akasogea, akatazama.

"Mbona kuku hawapo?" akauliza.